Hii Stori ya "Nilifanya Yote Mwenyewe" Iishe

Wasee, tuongee ukweli kidogo. Kila nikifungua simu napata mtu wa rika letu akijisifu ati yeye ndio mwandishi, dairekta, mtu wa kamera, edita, na bado ni yeye ameigiza. Na nyinyi mnampigia makofi. Jeshi la mtu mmoja! Mimi niko na ubaya na hiyo stori, na ushahidi wangu ni filamu ya dakika 23.

Inaitwa An Irish Goodbye. Ilitoka 2022. Februari 2023 ikachukua BAFTA, Machi ikachukua Oscar ya filamu fupi. Ukiuliza nani aliandika, majina ni mawili: Tom Berkeley na Ross White. Nani dairekta? Hao hao wawili. Ross ni wa Ireland ya Kaskazini, Tom ni Mwingereza. Walipatana shule ya uigizaji, wakaanza kuandika michezo ya jukwaani pamoja, halafu wakaingia filamu. Ya kwanza ilikuwa Roy, 2021, kuhusu mzee mjane anayepigia watu asiowajua simu juu ya upweke. (Mzee mwenyewe ni David Bradley, yule Filch wa Harry Potter.) Baada ya Oscar hawakutengana ati kila mtu ajenge jina lake. Walifanya nyingine, The Golden West, ya dada wawili waliokosana huko Marekani wakati watu walikuwa wanakimbilia dhahabu.

Mmeona kitu hapo? Mjane anatafuta wa kuongea naye. Dada wawili. Na An Irish Goodbye ni ndugu wawili. Watu wawili wakikaa meza moja kuandika, kalamu inarudi tu kwa watu wawili ambao hawawezani na pia hawawezi kuachana.

Angalia hao ndugu. Mama amekufa, Turlough amerudi kutoka London, shamba liko hapo. Mpango wake ni kumpeleka mdogo wake Lorcan, aliyezaliwa na hali ya Down, akaishi kwa shangazi. Lorcan anakataa. Anasema hatoki mpaka wamalize orodha ya vitu 100 ambavyo mama alitaka kufanya kabla afe. Basi wanaanza, majivu ya mama wakiyabeba. Utacheka vibaya, halafu koo ikaze. Kila ndugu ana haki kwa njia yake, na hakuna mmoja amewekwa pale kushindwa tu. Sasa wewe uliyeandika skripti peke yako saa nane usiku, soma tena mazungumzo yako. Wahusika wote wanaongea kama wewe! Mama anaongea kama wewe, polisi anaongea kama wewe. Hakuna mtu alikuwa hapo kukuambia, "Bro, hii sehemu ni takataka, tuitoe." Wafuasi hawatakuambia. Wao wanaweka tu ule moto wao.

Usiku wa Oscar ulikuwa tarehe 12 Machi, na siku hiyo James Martin, mwigizaji wa Lorcan, alikuwa anafikisha miaka 31. Pale jukwaani unapewa sekunde chache tu za kuongea, dunia nzima inakuangalia. Tom na Ross walizitumia kuomba ukumbi mzima umwimbie James wimbo wa kuzaliwa. Na ukumbi ukaimba. Hebu fikiria yule msee wetu wa "nilifanya yote mwenyewe" akipewa hiyo maiki.

Mimi nimeshikia mtu kama huyo taa usiku mzima Kayole, mikono ikafa ganzi. Mwingine alikuwa kwa sauti, mwingine ametoa nyumba ya mamake. Asubuhi jamaa akapost: kazi ya mtu mmoja, hakuna msaada. Laiki zikamiminika. Wa sauti alikuwa ametoka Rongai na nauli yake mwenyewe.

Najua kuna mtu atakuja na Martin McDonagh. Sawa, alichukua Oscar ya filamu fupi 2006 na Six Shooter, na jina kwa tuzo ni lake pekee. Lakini nani aliibeba hiyo filamu? Brendan Gleeson. Nani yuko In Bruges, 2008? Gleeson. The Banshees of Inisherin, 2022? Gleeson tena. Hata yule mnamwita mpweke amekwamilia mtu wake miaka yote hiyo. Na 2012 The Shore ilishinda ikiwa ya Terry George na binti yake Oorlagh. Baba na mtoto, maze. Mimi na mzee wangu hatuwezi kukubaliana hata chaneli ya kuangalia.

Halafu wa "hao wako na doh ya serikali." Ni kweli, pesa ni mambo. 2022 Jamhuri ya Ireland ilianza kuwalipa wasanii 2,000 yuro 325 kila wiki, kwa majaribio, ili wafanye sanaa bila kufa njaa. Ningependa sana kitu kama hicho hapa, na tuidai bila aibu. Ila huo mpango ni wa Jamhuri. Ross ni wa upande wa Kaskazini, ulio chini ya Uingereza. Tena hakuna serikali imekukataza kuandika jina la aliyeshika kamera. Hiyo ni bure.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. 2018 kundi hilo hilo la Oscar lilikuwa na Watu Wote, stori yetu kabisa, ya basi lililoshambuliwa kule Mandera, Waislamu wakakataa kutenganishwa na Wakristo. Imerekodiwa Kenya, Kiswahili kiko ndani. Waliokuja kuitengeneza ni timu ya wanafunzi kutoka Hamburg. Timu! Sisi tukiwa bize kila mtu na kamera yake, akijiita kampuni.

Sasa fungua video yako ya mwisho. Hariri maelezo, weka majina yote, hata ya mama wa nyumba. Kama kuna pesa iliingia, gawanyeni, na ile ijayo mwandikiane kwa karatasi kabla kamera iwashwe. Jamaa wa Kayole, najua unasoma. Nakupa hadi Ijumaa.