Spika zikivuma, nani anaabudu?

Dada zangu, mimi ni Mkristo wa Kianglikana, na nina neno kuhusu ibada za kisasa za makanisa ya kiinjili.

Mwaka 1975 Bill Hybels alianzisha kanisa la Willow Creek karibu na Chicago, Marekani, katika jumba la sinema la kukodi. Waliwauliza majirani kwa nini hawaendi kanisani, kisha wakaipanga ibada iwapendeze: bendi, maigizo, ukumbi usio na msalaba. Maelfu walikuja, na makanisa mengi yakaiga. Mwaka 2007 viongozi wake wenyewe walikiri, baada ya utafiti, kwamba kushiriki shughuli nyingi za kanisa peke yake hakukuzi imani.

Sipingi gitaa. Ninachopinga ni muumini kugeuzwa mtazamaji. Spika zikivuma hadi bibi mzee asisikie sauti yake, huacha kuimba, akabaki kutazama jukwaa. Ni kama harusi yenye kelele, bibi harusi asisikie wasia wa somo yake. Nyimbo za zamani bibi huyo anazijua kwa moyo, huziimba hata akiwa mgonjwa kitandani. Aulizwe yeye kwanza, kabla ya kununua spika nyingine.