Mchicha Katikati ya Maua

Barua kadha wa kadha zimetufikia kutoka kwa wenzetu wakaao katika nyumba za kazi, na zote zalalamikia jambo moja: mkaguzi wa nyumba alipita, akaona mchicha na bamia mbele ya baraza, akaamuru ving'olewe, kwa kuwa mbele ya nyumba, asema, ni mahali pa maua. Mwenzetu mmoja aandika kwamba alifukua matuta matatu siku ile ile, na kesho yake mkewe akaenda sokoni kununua mboga ya namna ile ile iliyokuwa jalalani. Mji hatuutaji, wala ofisi, maana haja yetu si kugombana na mtu. Twataka kulitazama jambo lenyewe.

Kwanza na tuseme kweli. Mkaguzi yule hakukosa katika kila neno. Viwanja vya baadhi yetu havipendezi hata kidogo: mabua ya mahindi yasimama makavu miezi miwili baada ya mavuno, maboga yametambaa mpaka mlangoni, na matuta hayana mwanzo wala mwisho. Walakini dawa ya bustani mbaya ni bustani nzuri. Kung'oa chakula na kuacha nyasi tupu si dawa. Nasi twaona ya kuwa njia iko: mboga na viungo vipandwe kati ya maua, kwa mpango, hata mpita njia asitambue upesi kama aitazamacho ni bustani ya jikoni au ya mapambo.

Labda atatokea mtu atakayesema kwamba haya ni mambo mageni. Hasha. Katika nyua za Unguja, Lamu na Mombasa, mrehani umekaa pamoja na asumini na mkilua tangu zamani, nao huingia katika kikuba cha bibi arusi. Ni nani aliyepata kuuliza kama mrehani ni ua au ni mmea wa nyumbani wa kutumiwa? Kadhalika mchaichai, ambao majani yake hutiwa katika chai, hupendeza ukingoni mwa njia kuliko nyasi nyingi zinunuliwazo kwa fedha. Kule Kilimanjaro, katika kihamba cha Wachaga, migomba hutia kivuli juu ya kahawa, mboga hukaa chini, na mpakani husimama masale, mmea wa pambo ambao tena ni wa heshima, maana aombaye msamaha hupeleka jani la sale. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliandika kihamba cha Shimbwe Juu katika orodha ya urithi wa kilimo wa dunia. Hao hawakuona aibu kuchanganya.

Wala mimea yenyewe haijui mpaka huu tuutiao. Bamia ni wa ukoo mmoja na haibiskasi tuipandayo kuwa ua, na mwenye shaka na aitazame inapofunua ua lake asubuhi. Mchicha mwekundu, ambao kwetu wengine huudharau, una ndugu apandwaye Ulaya katika bustani za maua kwa ajili ya mashada yake yaning'iniayo. Nyanya nayo ilipofika huko kutoka Amerika katika karne ya 16, wengi waliipanda kwa kuitazama tu, wakiogopa kuila wasije wakadhurika. Na huko Villandry, Ufaransa, daktari mmoja mzaliwa wa Hispania, Joachim Carvallo, alinunua kasri mwaka 1906, akatengeneza bustani ambamo kabichi na mboga nyinginezo zimepangwa kwa rangi kama zulia. Watu hulipa kiingilio waende kutazama kabichi!

Ugomvi huu nao si wetu peke yetu. Katika mji mdogo wa Miami Shores, jimbo la Florida, Marekani, mwaka 2013 mume na mke mmoja walilazimika kung'oa mboga walizozilima mbele ya nyumba yao kwa miaka 17, ama walipe faini ya dola 50 kila siku. Maua hayakukatazwa, wala miti ya matunda, mboga tu. Walikwenda mahakamani wakashindwa. Hata hivyo shauri halikufia hapo, kwa maana mwaka 2019 jimbo lilitunga sheria ya kuwazuia wakuu wa miji wasikataze bustani za mboga katika makao ya watu. Twaitaja habari hii si kwa kuchochea mashtaka, bali kwa kuonyesha kuwa amri ya namna hii yaweza kujadiliwa kwa adabu, tena ikabadilika.

Basi mtu afanyeje? Aanze na mpaka. Tuta lililozungushiwa mawe, au ukingo wa mchaichai, au mrehani uliokatwa vizuri, humnyamazisha mkaguzi kabla hajafungua kinywa. Nyuma, karibu na ukuta, iwekwe mimea mirefu kama bamia na choya. Katikati bilingani na pilipili, ambazo matunda yake ni pambo tosha. Mbele kotimiri na mchicha. Bali mchicha using'olewe wote pamoja ukaacha kipara katikati ya maua. Ukatwe juu, nao utachipuka. Mawaridi hayapendi kusongwa, basi yapewe nafasi. Nanaa nayo ifungwe katika debe, maana ikiachwa itatawala kiwanja chote na cha jirani.

Wako wasemao kwamba ua la marigoldi hufukuza wadudu wote. Hilo limezidishwa. Mizizi yake hupunguza minyoo midogo ya udongoni ishambuliayo nyanya, lakini sharti lipandwe kwa wingi, tena likae msimu mzima. Shina moja mlangoni ni pambo tu.

Yapo mambo mawili tunayoyaogopa, na hapa twaomba tusikizwe sana. La kwanza ni sumu. Baadhi ya maua yetu mazuri huua. Oleanda, yenye maua mekundu au meupe, ina sumu tangu jani hata ua. Vivyo hivyo lile ua kubwa lining'inialo kama tarumbeta, ndugu wa mnanaha. Mtoto aliyetumwa kuchuma mboga jioni aweza kukusanya jani lisilo lake. Mimea hiyo isikae katika tuta moja na chakula, na kwenye nyumba ya watoto wadogo afadhali isiwepo kabisa. La pili ni dawa za wadudu. Ziko dawa za mawaridi ambazo mmea huzinywa zikaenea ndani yake, na kuosha majani hakuziondoi. Ukizitumia, mchicha ulio chini ya waridi si mboga tena. Apandaye chakula kati ya maua amekwisha kuchagua: apige vita na wadudu kwa mikono na maji ya sabuni, au aache.

Juu ya mbu, ambao ndio hoja ya siku zote ya wakaguzi, twajibu hivi. Mbu wakuu waletao malaria kwetu huzaa katika maji yaliyosimama chini, hasa vidimbwi vidogo vipigwavyo na jua. Wale wa dengi, ugonjwa ulioisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hupenda makopo, matairi na visahani vya chini ya vyungu vya maua. Mkaguzi akitaka kuwatafuta, na aanzie katika visahani.

Limebaki neno la wale wasemao, "Nipande kwa nini, nami nitahamishwa?" Twalifahamu neno hili, maana hakuna karani asiyeijua barua ya uhamisho. Lakini mchicha hulika kwa wiki tatu au nne, wala hatujaona uhamisho ulio mwepesi kuliko huo. Shina la mchaichai hupasuliwa, nusu likaenda safarini ndani ya kopo na nusu likabaki. Yafaa libaki, na bustani yote isifukuliwe siku ya kufunga mizigo, kwa sababu ajaye atafika amechoka, na watoto wake watataka kula usiku ule ule.

Wenzetu mlioandika, twawashauri mwende kwa mkaguzi na karatasi iliyochorwa bustani mnayoikusudia, mipaka yake na urefu wa kila mmea, mwombe kibali kwa maandishi. Atakayekataa, na akatae kwa maandishi vilevile, nanyi mtuletee nakala, tupate kuiweka mbele ya kamati.