Kampala: lugha kwanza, chuo kikuu baadaye

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali yakitoka, vijana wa Goma, Beni na Butembo wanapanda basi kuelekea Kampala. Tangu vita kufika Goma mwezi wa kwanza 2025, hata jamaa zilizotoroka zinajikaza kutuma mtoto. Tumaini ni moja: Kiingereza kitaleta kazi.

Tumaini hilo si baya. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na ofisi zake zinatumia Kiingereza. Ubaya ni haraka. Kijana aliyesoma kwa Kifaransa hadi mwisho wa sekondari anaandikishwa chuoni moja kwa moja. Kusalimia anajua, lakini mwalimu akianza kueleza uhasibu, anabaki kunakili ubao tu. Mtihani unamshinda, na mzazi aliyeuza shamba anaombwa kulipia kozi ileile mara ya pili.

Afazali miezi sita ao tisa ya lugha peke yake. Wakati huo diploma itafsiriwe, ipelekwe UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ilinganishwe na ya kwao. Tena asidanganyike kwamba atajifunzia sokoni: sokoni Kampala ni Luganda, na chumbani na wenzake Wakongomani ni Kiswahili na Kifaransa hadi usiku.

Kwa jamaa zilizo Nakivale ao Kyangwali, mwalimu yuko nyumbani. Watoto wadogo wanaosoma shule za Uganda mara nyingi wanawapita kaka zao kwa Kiingereza. Kaka akubali kuketi nao jioni, afungue daftari zao. Hilo halilipishwi.