Gurudumu la Kushoto

Juma hili twawaletea habari ya kigari. Si kigari cha kubebea mihogo, bali ni kigari kidogo cha mbao na plastiki, chenye kujiendesha chenyewe, kilichotengenezwa na mwanafunzi mmoja wa Mutarule, katika bonde la Ruzizi, upande wa Uvira. Tulikiona kwa macho yetu katika likizo kubwa ya mwaka 2024, tulipopita kumsalimu baba yake. Jina la kijana hatulitaji, kwa sababu habari hii ina aibu kidogo ndani yake, na aibu ile wamekwisha kuimaliza nyumbani kwao.

Vijana wetu wengi wamesikia habari za roboti za Kinshasa. Mwaka 2013 mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake walisimamisha katika njia panda za mji ule roboti za alumini, ndefu kuliko mtu, zenye kupata nguvu kutoka kwa jua, ili ziongoze magari na watu wavukao barabara. Tangu hapo kijana wa Kongo hana sababu ya kudhani kwamba roboti ni kitu cha Ulaya na Japani tu. Huyu wa Mutarule naye alitaka ya kwake, ya kiasi cha mfuko wake.

Ubongo wa kigari chake ni kibao cha Arduino, aina ya Uno, kisichozidi kiganja cha mkono. Vibao hivi vilianza mwaka 2005 mjini Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi. Kibao chenyewe hakijui kitu. Mwenye kibao huandika maagizo kwa kompyuta, mstari kwa mstari, kisha huyaingiza ndani yake kwa waya. Nacho hutii kama kilivyoambiwa, hata kama kilichoambiwa ni upuuzi. Pembeni kina matundu yenye namba, yaitwayo pini, na kila pini hupeleka amri yake: hii kwa gurudumu la kulia, hii kwa la kushoto, hii kwa taa.

Kigari kilikwenda vizuri siku nyingi. Siku moja kijana akakiongezea shingo, yaani mota ndogo iitwayo sevo, ya kugeuza huku na huku jicho la kupimia umbali. Jioni ile ile mdogo wake, mtoto wa miaka tisa, alikichukua akichezee, kikamponyoka mkononi. Asubuhi gurudumu la kushoto likakataa kuzunguka. Ninyi wazazi mwajua yaliyofuata. Mtoto alilia, akaapa kwamba kigari kiliangukia mkeka. “Yaya, hakikuumia hata kidogo!” Hakuna aliyemsikiliza.

Kijana akaenda kuuliza simu. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa watu wote, tarehe 30 Novemba 2022, zimetokea nyingi za namna yake, na mtu aweza kuiandikia mashine swali kwa maneno ya kawaida, nayo ikamjibu kama mtu. Ndiyo iitwayo akili bandia, au akili mnemba, kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania. Kijana aliandika kwa Kifaransa chake cha shule, tena kwa ufupi, maana mega za intaneti ni fedha: mdogo wangu ameangusha kigari changu, gurudumu la kushoto halizunguki, je, mota imekufa? Mashine ikamjibu kwa adabu kubwa kwamba yawezekana sana, kwani anguko huvunja meno ya mota au hukata waya wake wa ndani, na dawa yake ni kununua mota nyingine. Basi hukumu ikawa imetolewa, tena kwa maandishi. Baba akaanza kufikiri ni kuku yupi auzwe.

Hapo ndipo tulipofika sisi. Hatujifanyi mafundi wa mota. Lakini tuliomba tusome kwanza swali, kabla ya kusoma jibu. Tukaona kwamba swali lenyewe lilikuwa limekwisha kumfunga mtoto. Mashine hizi zimelishwa maandishi mengi mno, na kazi yao ni kutafuta maneno yafaayo kufuata yale yaliyotangulia. Tena zina tabia ya kumridhisha aulizaye. Ukiziletea mshitakiwa, zitakutafutia kosa lake. Wala jambo hili si geni. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, wa chuo cha MIT huko Marekani, aliwaeleza wataalamu wenzake programu ya mazungumzo aliyoiita ELIZA. Programu ile haikufanya makubwa zaidi ya kuyageuza maneno ya mtu na kumrudishia kama swali, na hata hivyo watu waliifungulia mioyo yao, mpaka mwenyewe akashtuka. Za leo zajua mengi kuliko ELIZA, mengi sana. Lakini juu ya meza ya Mutarule hazioni kitu ila kile unachoziletea.

Tukamwambia kijana aanze upya. Ayapeleke maagizo yake yote, tangu mstari wa kwanza hata wa mwisho, siyo ile mistari ya gurudumu tu. Aseme alibadili nini siku ile, alitazamia nini, na nini kimetokea. Habari ya anguko aitaje, ila asiifanye sababu. Na mwisho aseme: usiniandikie maagizo mapya, nionyeshe kosa na mstari lilipo. Alipokuwa akiandika, akakumbuka jambo ambalo hakulisema mara ya kwanza: kigari kikiamriwa mwendo wa juu kabisa, gurudumu la kushoto huzunguka, kikiamriwa mwendo wa polepole, halizunguki. (Mara nyingi twaona kwamba nusu ya jibu hupatikana katika kuliandika swali vizuri.)

Jibu la pili halikufanana na la kwanza. Mashine ilisema kwamba katika Arduino Uno maagizo ya sevo huitwaa saa ya ndani ambayo pini ya 9 na ya 10 huitumia kupunguzia mwendo wa mota. Amri ya gurudumu la kushoto ilitoka pini ya 9. Shingo ilipoingia, gurudumu likanyang’anywa saa yake. Tena, bila kuulizwa, ikaonyesha kosa la pili. Kijana alihifadhi hesabu ya saa katika nafasi iitwayo “int”, ambayo katika kibao kile haipokei zaidi ya 32,767, nayo saa huhesabu elfu moja kwa kila sekunde. Kwa hiyo kila ilipokaribia sekunde ya 33 hesabu ilifurika, ikageuka kuwa hasi. Kwa majuma mawili alidhani kigari huchoka!

Hata hivyo jibu lile hatukulipokea bure. Mashine iliyokosea asubuhi yaweza kukosea jioni, kwa sauti ile ile ya uhakika. Wengine wamekwisha kuelekezwa na mashine hizi kutumia amri ambazo hazimo kabisa katika Arduino. Kijana akabadilishana nyaya za mota mbili, kazi ya dakika tano isiyo na gharama. Mota ya kushoto, ile iliyosemwa imekufa, ikazunguka kwa upole; ya kulia, iliyokuwa nzima, ikasimama. Ugonjwa haukuwa katika mota. Akazirudisha, akahamisha waya wa amri kutoka pini ya 9 kwenda ya 6, akasahihisha namba katika maagizo.

Magurudumu yote mawili yakaenda. Lakini sasa shingo ikawa inatetemeka kama mtu mwenye homa. Kijana akaiuliza mashine tena, ikampa maelezo marefu juu ya maagizo yake, akabadili hiki na kile mpaka mega zikaisha. Mdogo wake alikuwa amesimama nyuma ya kiti muda wote huo, mikono mgongoni, maana alikatazwa kugusa. Akasema polepole, “Yaya, waya huu mweusi hauendi popote.” Ulikuwa waya hasi wa betri ya sevo, uliochomoka wakati wa kuhamisha nyaya, na waya ule usipoungana na waya hasi wa kibao, sevo haiwezi kusikia amri sawasawa. Hakuna mstari wowote wa maagizo ambao ungeweza kuonyesha jambo lile.

Kijana alinyamaza kitambo. Kisha akamsogezea mdogo wake kigari, akamwambia auchomeke yeye. Mtoto akauchomeka, akawasha, na kigari kikaondoka kwa kasi, kikapita chini ya kiti cha baba, kikamkurupusha kuku aliyekuwa auzwe, kikaishia katika mahindi yaliyoanikwa uani.