Jenereta kubwa si dawa kwa mchomeleaji wa Kiseke

Katika viwanja vipya vya Kiseke, wilayani Ilemela, nyumba mara nyingi hutangulia nguzo za umeme. Mwenye kiwanja hupandisha kuta, huezeka, kisha hutaka grili za madirisha na geti kabla hajahamishia vitu vyake ndani. Fundi anayeitwa hulazimika kufika na umeme wake mwenyewe: mashine ya kuchomelea na jenereta.

Kazi ya aina hiyo ina wateja wengi. Mbali na nyumba mpya, wako wakulima ambao plau ya kukokotwa na ng'ombe huwakatikia shambani mvua za kwanza zikianza, wenye mikokoteni, wenye mashine za kusaga na wavuvi walioko kwenye mialo isiyo na nguzo. Kwa mkulima wa pamba, siku tatu za kusubiri plau irudi kutoka mjini zinaweza kumgharimu kuliko bei ya plau yenyewe. Fundi anayemfuata shambani anastahili kulipwa vizuri.

Hata hivyo, mafundi wengi wa kazi hii hawasongi mbele. Jenereta hukoroma, fimbo ya kuchomelea hunata kwenye chuma, mashine huungua na mwisho wa mwezi faida haionekani. Ushauri wanaopewa mtaani ni mmoja: nunua jenereta kubwa zaidi. Ushauri huo ni wa gharama na mara nyingi si sahihi. Tatizo huanzia kwenye mashine ya kuchomelea, huendelea kwenye waya na humalizikia kwenye daftari la bei.

Iangaliwe kwanza mashine. Mashine nzito za transfoma, nyingi zikiwa zimesukwa mtaani kwa koili za shaba au aluminiamu, zilikusudiwa kutumia umeme wa TANESCO, ambao hautikisiki kwa mashine moja. Mashine ya namna hiyo yenye volti 60 kabla ya kugusa chuma, ikichomelea kwa ampea 120, hudai umeme wa kVA 7 na zaidi, yaani ampea zaidi ya 30 kwenye waya wa volti 230. Sehemu kubwa ya umeme huo haifanyi kazi kwenye chuma. Huenda na kurudi tu kwenye koili, lakini jenereta ni lazima liubebe.

Mashine ndogo ya inveta hufanya kazi hiyo hiyo kwa mzigo mdogo. Kwa ampea 120, zinazotosha fimbo ya milimita 3.2, moto wa kuchomelea wenyewe hutumia kama kilowati 3. Ukijumlisha upotevu wa ndani ya mashine, jenereta hubeba kama kVA 5. Kwa fimbo ya milimita 2.5 kwenye ampea 80, ambayo inatosha kabisa kwa grili na bomba za mraba nyembamba, mzigo hushuka hadi kama kVA 3.3. Kwa hiyo fundi mwenye jenereta la wastani anayebadili mashine na kupunguza unene wa fimbo anaweza kufanya kazi ambayo jana ilimshinda, bila kununua jenereta jingine.

Pili ni namba zilizobandikwa kwenye jenereta. Majenereta mengi madogo ya petroli huandikwa nguvu ya juu kabisa, ambayo injini huimudu kwa muda mfupi tu. Nguvu ya kudumu huwa pungufu, na ndiyo ya kuulizia dukani. Wenye injini za dizeli za Kichina za silinda moja, zile zinazozungusha dinamo kwa mkanda, nao wana mtego wao. Dinamo kuandikwa kilowati 10 hakufanyi injini ya farasi 12 itoe kilowati 10. Farasi 12 ni kama kilowati 9 kwenye mhimili wa injini, na zikishapita kwenye mkanda na dinamo hupungua zaidi.

Aidha, Mwanza si Dar es Salaam. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Kiseke iko juu zaidi ya ziwa. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, na injini ya kawaida hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu yake kwa kila mita 300 za mwinuko. Jenereta la kilowati 5 lililopimwa usawa wa bahari hutoa kama kilowati 4.4 kandokando ya ziwa. Anayenunua kwa kipimo cha shilingi kwa shilingi atajikuta amepungukiwa siku ya kwanza ya kazi. Kanuni ya busara ni jenereta ambalo nguvu yake ya kudumu inazidi mahitaji ya juu ya mashine kwa karibu nusu yake.

Tatu ni waya, kitu ambacho wengi hukidharau. Waya wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 30, ukibeba ampea 20, hupoteza karibu volti 15 njiani. Waya wa milimita za mraba 4 kwa umbali huo hupoteza kati ya volti 5 na 6. Fundi hulaumu jenereta, kumbe nguvu zake zinaishia kupasha moto waya uliosokotwa ardhini.

Mashine ya inveta nayo ina udhaifu wake, na haifai kuufichia mnunuzi. Haipendi umeme unaoyumba. Jenereta lisiwashwe mashine ikiwa imeshachomekwa na kuwashwa. Injini iachwe itulie, volti zipimwe zikaribie 230, ndipo mashine iwashwe. Wakati wa kufunga kazi, mashine izimwe kwanza. Kuacha mafuta yaishe huku kazi ikiendelea ni njia ya haraka ya kuipeleka kwa fundi wa elektroniki. Pia televisheni, friji na simu za mwenye nyumba zisichomekwe kwenye jenereta hilo hilo, kwa kuwa kila fimbo inapogusa na kuachia chuma, volti hushuka na kupanda.

Baada ya mashine na waya, linabaki suala la bei, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua mfano wa kazi ya saa sita. Jenereta la petroli la ukubwa wa wastani likinywa lita 1.5 kwa saa, ni lita 9. Lita ikiuzwa Sh3,000, ni Sh27,000 za mafuta peke yake, kabla ya oili, plagi na uchakavu wa injini. Kiasi hicho ni sawa na ada ya Sh27,000 iliyowekwa kwa kuwaunganishia umeme wateja wa vijijini chini ya miradi ya REA.

Kazi hiyo hiyo kwa umeme wa gridi ingetumia kama uniti 6 au 7, kwa sababu moto wa kuchomelea huwaka sehemu ndogo tu ya siku. Kwa bei ya Sh292 kwa uniti iliyopitishwa mwaka 2016 kwa matumizi ya kawaida, hata ukiongeza kodi na tozo gharama haifiki Sh3,000. Fundi anayetoza geti la Kiseke lisilo na nguzo bei ile ile ya geti la karakana yenye luku anamlipia mteja umeme kutoka mfukoni mwake.

Wako watakaosema mteja hatakubali kulipa zaidi. Wateja hukataa bei wasiyoelezwa. Mafuta yakiandikwa kwenye mstari wake, mbali na chuma, fimbo na ufundi, mwenye nyumba huona anacholipia na anaweza hata kununua petroli mwenyewe. Naye fundi atapata sababu ya kuyabana. Kupima, kukata kwa msumeno wa mkono na kupanga vipande kufanyike injini ikiwa imezimwa, na kazi za majirani wawili zikusanywe siku moja.

Wengine watasema suluhisho ni kusubiri nguzo. Ni kweli gridi inasogea, na bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Lakini umeme mwingi kwenye bwawa si nguzo kwenye kiwanja. Na waliopitia mgawo wa mwaka 2006, kisha ule wa mwishoni mwa 2023, wanajua kuwa hata mwenye luku huhitaji kujua kutumia jenereta.

Jambo hili linahusu pia fedha za umma. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana na asilimia 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi cha vijana kinachoombea vifaa vya kuchomelea hakipaswi kupitishwa kwa orodha inayosema tu "mashine moja, jenereta moja". Iandikwe kVA ya mashine, nguvu ya kudumu ya jenereta, unene wa waya na gharama ya mafuta kwa siku. VETA na SIDO wana walimu wanaoweza kuikagua orodha hiyo kwa nusu saa. Bila hivyo, kikundi kitabeba deni la vifaa visivyoelewana, na marejesho yatakwama kwa kosa lililofanyika dukani.

Usalama usiachwe nyuma. Jenereta lisiwashwe ndani ya chumba, hata kama mvua inanyesha, kwa kuwa moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua. Petroli iwekwe mbali na cheche. Miwani ya jua si kinga ya macho ya mchomeleaji. Kinachotakiwa ni kioo cheusi cha namba 10 au 11. Na mtu asichomeke jenereta kwenye mfumo wa nyumba iliyounganishwa na TANESCO bila swichi ya kutenganisha, kwani umeme hurudi kwenye nguzo na unaweza kumuua fundi aliyeko juu akidhani laini imezimwa.

Mchomeleaji wa Kiseke mwenye Sh700,000 mkononi leo asikimbilie jenereta lenye kelele zaidi. Aanze na inveta nzuri, waya mnene na daftari. Akishaandika kwa mwezi mmoja lita alizochoma na fedha alizopokea, daftari hilo litamwambia kama jenereta kubwa linahitajika.