Pumba Tunampa Nguruwe, Kitambi Tunabaki Nacho

Siku moja alikuja zahanati mama mmoja mwenye duka. Alikuwa ameharisha siku tatu na nguvu zimemwisha. Mkononi alishika pakiti ya unga wa majani makavu aliyoinunua mnadani kwa fedha nyingi. Muuzaji alimwambia kwamba majani hayo "huyeyusha mafuta ya mwili". Mama alikuwa amepungua kidogo, lakini alichopungua kilikuwa maji, si mafuta.

Baada ya kumtibu nilimwuliza, "Mama, nyumbani mnakula nini?"

"Ugali wa sembe nyeupe, wali, na chai ya sukari kwa maandazi, mwanangu."

"Pumba za mahindi yenu mnazipeleka wapi?"

"Tunampa nguruwe."

"Na ulezi?"

"Ulezi ni wa pombe."

Nikamwambia, "Basi mama, dawa uliyoifuata mnadani umeiacha ghalani kwako."

Ndugu msomaji, hilo ndilo ninalotaka kulisema leo. Ni kweli kwamba mimea ina vitu vinavyozuia unene. Lakini vitu hivyo hufanya kazi vikiwa ndani ya chakula cha kila siku, si ndani ya pakiti ya mnadani. Nasi tunavitupa kwa mikono yetu wenyewe kila tunapokwenda mashineni.

Hebu tutazame vitu viwili tu. Cha kwanza ni nyuzinyuzi, ambazo wataalamu huziita makapimlo. Hizi zimo katika ganda la nafaka, katika maharage, mboga za majani na matunda. Tumbo haliwezi kuzisaga zote. Kwa hiyo zinajaza tumbo, mtu anashiba mapema, na sukari ya chakula inaingia katika damu polepole. Sembe iliyokobolewa haina kizuizi hicho. Inageuka sukari haraka, na baada ya muda mfupi njaa inarudi. Mtu anakula tena, na kinachozidi mwili unakiweka kuwa mafuta.

Cha pili ni ule ukakasi. Ukitafuna ulezi mwekundu au ukinywa chai ya rangi iliyokolea, ulimi unahisi kukakamaa. Kitu kinachofanya hivyo huitwa tanini. Tanini huchelewesha kazi ya kuyeyusha wanga tumboni. Ndiyo sababu bakuli la uji wa ulezi linakaa tumboni kuliko bakuli la uji wa sembe. Tena ulezi una madini ya chokaa mengi kuliko mahindi, nayo hujenga mifupa.

Mambo haya hayakugunduliwa jana. Daktari Denis Burkitt alifanya kazi Uganda tangu mwaka 1946 hadi miaka ya 1960. Yeye na mwenzake Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda, waliona kwamba wanavijiji wa huku walikuwa hawapati sana unene, kisukari na kufunga choo, magonjwa yaliyowasumbua watu wa Ulaya. Mwaka 1975 walitoa kitabu kueleza kwamba vyakula vilivyokobolewa na kuondolewa nyuzinyuzi ni chanzo kimoja cha magonjwa hayo.

Hapa nchini pia watafiti wamefanya kazi. Mwaka 2021 watafiti wa KCMC ya Moshi na wenzao wa Uholanzi walitangaza matokeo ya kupima damu ya watu 323 wenye afya, wa mjini na wa vijijini. Damu ya watu wa mjini ilionyesha mwili unaopigana kana kwamba una kidonda, ingawa kidonda hakipo. Hali hiyo ikidumu huandamana na unene, kisukari na magonjwa ya moyo. Damu ya watu wa vijijini ilikuwa na vitu vingi zaidi vitokanavyo na mimea ya chakula, vinavyotuliza hali hiyo. Mwaka 2025 walitangaza jaribio jingine la vijana wanaume 77. Baadhi waliozoea chakula cha asili walipewa chakula cha kizungu kwa wiki mbili tu, na damu yao ikaanza kuharibika. Wale wa mjini waliopewa chakula cha asili walipata nafuu.

Wiki mbili tu, ndugu zangu! Je, miaka kumi ya maandazi na soda itatufanyaje?

Wapo watakaosema, "Mganga, acha watu wanenepe, kitambi ni neema." Sikubaliani nao. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2004/05 ulionyesha kwamba wanawake 18 katika kila 100 wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi. Mwaka 2015/16 walikuwa 28. Neema gani hii inayoleta shinikizo la damu na kisukari?

Tena uchunguzi huo wa 2015/16 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano katika mkoa wetu wa Rukwa walikuwa wamedumaa. Mkoa wenye mahindi ya kuuza kwa wengine! Inawezekana kabisa nyumba moja ikawa na baba mwenye kitambi na mtoto aliyedumaa. Wote wawili wanakula kutoka chungu kimoja cha sembe. Mmoja amepata wanga mno, mwingine amekosa vinavyojenga mwili.

Wazee wa Ufipa walilima ntumba. Walifukia majani katika matuta, wakapanda maharage juu yake, na msimu uliofuata wakatawanya tuta na kupanda ulezi. Maharage na ulezi vilifuatana shambani na vilikutana chunguni. Sisemi kwamba ulezi peke yake uliwazuia kunenepa. Jembe nalo lilifanya kazi yake. Lakini chakula chao hakikupingana na jembe.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tusage dona. Lakini mahindi yawe makavu na safi, yasiwe na ukungu, kwa maana sumukuvu hukaa zaidi katika ganda. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Tukaushe vizuri na tuchambue kabla ya kusaga.

Pili, turudishe ulezi mezani. Ugali wa ulezi si chakula cha maskini. Pombe ya ulezi haihesabiwi hapa, maana pombe nyingi nayo hunenepesha.

Tatu, tule maharage na mboga kila siku: majani ya maboga, majani ya maharage, mchicha. Tusizielee mboga kwa mafuta. Soda na sukari tuzipunguze.

Nne, watoto wadogo tuwaangalie kwa namna yao. Tumbo la mtoto ni dogo, na tanini nyingi huzuia madini ya chuma yanayoongeza damu. Ulezi wake tuuoteshe kwanza uwe kimea, kisha tukaushe na kusaga. Katika uji tuongeze karanga, maziwa au dagaa wa Ziwa Tanganyika waliosagwa. Chai tusimpe na chakula.

Tano, mwenye kisukari asiache dawa za hospitali kwa sababu ameanza kula dona. Chakula kinasaidia dawa, hakichukui nafasi yake.

Mwaka 1973 wazazi na babu zetu walikusanyika katika vikundi kusoma "Mtu ni Afya", na mwaka 1975 wakasoma "Chakula ni Uhai". Sisi tunaojua kusoma kuliko wao, tusiwe nyuma yao.

Jadilianeni katika kikundi chenu: Katika kijiji chetu, ni nyumba ngapi zinazokula dona? Kwa nini nyingine zinaona haya? Kwa siku moja tunatumia fedha kiasi gani kununua sukari na maandazi, na fedha hizo zingenunua nini kwa ajili ya mtoto?

Yule mama mwenye duka alirudi baada ya mavuno. Hakuja kutafuta dawa. Alileta debe lake la mahindi mashineni, karibu na zahanati, akapita kunisalimu. Nikamwuliza kama anakoboa.

"Sikoboi, mwanangu," akasema. "Safari hii nguruwe atatafuta chake."