Uzito wa msomi: Kampala inampimaje Mahmood Mamdani?

Wakazi wa New York walipomchagua Zohran Mamdani kuwa meya wao Novemba 2025, macho ya vyombo vingi vya habari yaligeukia Kampala, mji alikozaliwa. Huko jina hilo si geni. Kwa miongo kadhaa limetambulika kwa baba yake, Mahmood Mamdani, mtaalamu wa sayansi ya siasa na mmoja wa wasomi wa Afrika ambao kazi zao hunukuliwa sana duniani. Safari yake inaibua swali linalovihusu vyuo vikuu vyote vya Afrika Mashariki: je, idadi ya mara msomi anazonukuliwa inatosha kuonyesha uzito wa kazi yake?

Swali hilo lina athari za moja kwa moja. Kupandishwa cheo kwa mhadhiri, kupatikana kwa fedha za utafiti na nafasi ya chuo katika orodha za kimataifa hutegemea kwa kiasi kikubwa wingi wa machapisho na namna yanavyonukuliwa.

Kipimo na kasoro zake

Kipimo mashuhuri ni kielezo cha h, kilichopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Msomi mwenye kielezo cha 30 ana kazi 30 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 30. Kwa hesabu hiyo, mwandishi wa vitabu vitatu pekee hawezi kuvuka kielezo cha 3, hata kama kila kitabu kimenukuliwa mara 10,000. Kipimo hiki huwanufaisha watafiti wanaoandika makala nyingi kwa ushirikiano, kama ilivyo desturi katika tiba, kuliko anayetumia miaka kadhaa kukamilisha kitabu kimoja.

Sifa ya Mamdani imejengwa juu ya vitabu. Kile cha mwaka 1996, Citizen and Subject, kilitunukiwa tuzo ya Herskovits nchini Marekani mwaka uliofuata. Hoja yake kuu ni kwamba dola ya kikoloni ilikuwa na sura mbili: mjini ilitawala kwa sheria na haki za raia, ambazo Mwafrika alinyimwa kwa misingi ya rangi, vijijini ilitawala kupitia machifu waliopewa mamlaka kwa jina la mila na kabila. Uhuru uliondoa ubaguzi wa rangi, lakini katika nchi nyingi mkulima alibaki mtawaliwa.

Hoja hiyo haikuzaliwa maktabani tu. Mamdani alikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, kisha akavuliwa uraia na serikali ya Milton Obote mwaka 1984. Aliporejea, aliongoza tume ya uchunguzi kuhusu serikali za mitaa nchini Uganda na kuwa mkurugenzi mwanzilishi wa Kituo cha Utafiti wa Msingi mjini Kampala. Ripoti za tume na vijitabu vinavyochapishwa nchini huingia kwa nadra katika hazina za takwimu zinazohesabu kunukuliwa, ingawa ndimo maswali makubwa huanzia.

Nani anauliza swali?

Mwaka 2007, katika Scholars in the Marketplace, Mamdani alieleza jinsi mageuzi ya kibiashara yalivyokigeuza Chuo Kikuu cha Makerere kuwa soko. Aliendelea kukosoa utamaduni wa ushauri wa kulipwa, ambapo mteja huleta swali na msomi hutafuta jibu tu. Alipochukua uongozi wa Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere mwaka 2010, alianzisha programu ya uzamivu yenye masomo ya darasani ili watafiti wajifunze kuunda maswali yao wenyewe. Uongozi wake haukukosa wapinzani, na mwaka 2016 mgogoro ndani ya taasisi hiyo ulitikisa chuo kizima.

Wanaotetea takwimu wana hoja ya kweli: pasipo kipimo kinachoonekana, vyeo vinaweza kugawiwa kwa kujuana. Hata hivyo, Azimio la San Francisco la mwaka 2012 linasisitiza kwamba utafiti upimwe kwa maudhui yake, si kwa hadhi ya jarida lililouchapisha.

Katika kitabu chake cha 2025, Slow Poison, Mamdani anadai kuwa Rais Yoweri Museveni ameigawa Uganda kwa misingi ya kikabila kupitia uundaji wa wilaya, ambazo sasa zimepita 130. Unaweza kukubali au kukataa dai hilo, lakini linagusa ardhi, ajira na kura za mamilioni ya watu. Kamati za vyuo zikiendelea kuhesabu bila kusoma, mhadhiri kijana wa Makerere atakuwa na kila sababu ya kuandika makala tano fupi kwa ajili ya majarida ya ng'ambo, badala ya kukaa miaka mitano na swali la wilaya yake.